Mtoto wako anavuka reli? Mweleze haya

Wapo watoto ambao kila asubuhi huvuka Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam hadi Kigoma, wakienda shule. Sehemu hizo ambapo barabara inakatiza reli huwasumbua sana mafundi. Lami na udongo hunasa maji, kokoto hujaa tope na mataruma huchakaa haraka.

Kuzitengeneza, mafundi huvunja barabara, hubadili mataruma mabovu, huweka kokoto safi na kuzishindilia, kisha hupima upana wa njia, ambao ni mita 1. Mwisho hurudishia barabara, wakiacha mfereji mwembamba upande wa ndani wa kila reli. Humo hupita ukingo wa gurudumu la treni.

Hapo ndipo mzazi anapohusika. Jiwe likikwama kwenye mfereji huo, gurudumu linaweza kupanda na treni ikaacha njia. Mguu wa mtoto au tairi la baiskeli pia vinaweza kunasa. Mfundishe ashuke kwenye baiskeli, avuke kwa kunyooka, si kwa mshazari, na asiweke mawe relini. Treni yenye mzigo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita 1 kusimama; dereva akimwona mtoto, huenda ameshachelewa.