Barua za kale zasimulia siri ya homa ya manjano ilivyofichuliwa

USIKU wa Desemba 31, 1900, zikiwa zimesalia dakika chache kabla ya saa sita, daktari mmoja wa jeshi la Marekani aliketi katika kambi iliyo kando ya jiji la Havana, nchini Cuba, akamwandikia barua mkewe. Daktari huyo ni Meja Walter Reed, na mkewe, Emilie, alikuwa amebaki Marekani.

Katika barua hiyo Reed anamweleza mkewe kwamba alikuwa akisoma kitabu cha La Roche kuhusu homa ya manjano, kilichoandikwa mwaka 1853, huku karne ya 19 ikielekea ukingoni. Anaandika kwamba dua aliyoiomba kwa miaka ishirini na zaidi, ya kujaliwa kufanya jambo la kupunguza mateso ya binadamu, hatimaye imejibiwa.

Barua hiyo imehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na maelfu ya nyaraka nyingine: barua za familia, simu za maandishi, mikataba, picha na chati za joto la wagonjwa. Kwa pamoja, nyaraka hizo zinaeleza kisa ambacho ripoti za kisayansi za wakati ule zilikigusa kwa maneno machache tu, yaani namna watu walivyohatarisha maisha yao ili ijulikane ni kitu gani hasa kinachoeneza homa ya manjano.

Ugonjwa uliotia hofu

Ili kuelewa uzito wa barua hizo, ni vyema kukumbuka jinsi ugonjwa huu ulivyoogopwa. Mwaka 1793 uliua watu wapatao 5,000 katika mji wa Philadelphia. Mwaka 1878 uliingia katika bonde la Mto Mississippi na kuua watu wapatao 20,000, miongoni mwao takriban 5,000 wakiwa wa mji mmoja tu wa Memphis.

Mgonjwa huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na ya mgongo. Baadhi hupata nafuu baada ya siku chache, lakini wengine hurudiwa na ugonjwa kwa nguvu zaidi. Ini huharibika, macho na ngozi hugeuka rangi ya manjano, na mgonjwa hutapika damu iliyogeuka kuwa nyeusi.

Waganga wengi wa zama hizo waliamini kwamba ugonjwa ulienezwa na uchafu, hasa nguo na matandiko ya wagonjwa. Ndiyo maana magodoro na mashuka yalichomwa moto na mizigo ya wasafiri ikafukizwa dawa katika bandari. Hata hivyo, ugonjwa haukukoma.

Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alikuwa na mawazo tofauti. Agosti 14, 1881 alisoma mbele ya Chuo cha Sayansi cha Havana andiko lililomtaja mbu wa aina moja, anayejulikana leo kwa jina la kitaalamu la Aedes aegypti, kuwa ndiye mwenezaji. Kwa karibu miaka ishirini hakupata wengi wa kumsadiki, kwani majaribio yake hayakutoa matokeo ya wazi.

Kasoro ilikuwa wapi? Jibu lilidokezwa mwaka 1898 na daktari mwingine, Henry Rose Carter, aliyechunguza mlipuko katika vijiji vya Orwood na Taylor huko Mississippi. Alibaini kwamba tangu mgonjwa wa kwanza aonekane hadi watu wengine wa nyumba ile waanze kuugua, hupita takriban wiki mbili au zaidi. Kulikuwa na kitu kilichohitaji muda wa kukomaa nje ya mwili wa binadamu.

Leo tunajua kwamba mbu ni lazima amng'ate mgonjwa katika siku chache za mwanzo za homa, kisha zipite siku zipatazo 12 kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Anayemtumia mbu mapema mno hapati kitu.

Swali la nyuma ya barua

Juni 1900 tume ya madaktari wanne wa jeshi ilikutana Cuba, nchi iliyokuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Marekani baada ya vita vya mwaka 1898 dhidi ya Hispania. Wajumbe wake walikuwa Walter Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte. Finlay aliwapatia mayai ya mbu wake, na Lazear akapewa kazi ya kuwalea.

Majaribio ya kwanza yalishindwa. Ndipo Agosti 27, 1900 Carroll alipokubali kung'atwa na mbu aliyekuwa amekwisha kunyonya damu ya wagonjwa wanne, mmoja wao siku 12 kabla. Siku chache baadaye Carroll alikuwa mahututi.

Wakati huo Reed alikuwa Washington akikamilisha ripoti nyingine ya homa ya matumbo. Septemba 7, alipopata habari kwamba Carroll ameanza kupona, alimwandikia barua iliyojaa furaha ya mtu aliyeondolewa mzigo moyoni. Kisha, upande wa nyuma, akaongeza swali fupi: je, ni mbu ndiye aliyesababisha?

Siku iliyofuata, Septemba 8, Lazear naye alimwandikia mkewe. Alimweleza kuwa anadhani yuko katika njia ya kukipata chanzo halisi cha ugonjwa, lakini akamtahadharisha kwamba jambo hilo lisisemwe kwa mtu kwa sasa.

Siku kumi baadaye Lazear aliugua. Alifariki dunia jioni ya Septemba 25, 1900, akiwa na umri wa miaka 34. Aliacha mjane na watoto wawili, na yule wa pili, aliyezaliwa majuma machache kabla ya kifo chake, hakuwahi kumtia machoni. Chati ya homa yake ingali imehifadhiwa.

Ripoti ya tume ilieleza kwamba Lazear aling'atwa kwa bahati na mbu aliyemtua mkononi alipokuwa wodini. Lakini wanahistoria wengi wanashuku kwamba alijiambukiza kwa makusudi ili kupata uthibitisho. Mtu aliyekuwa akiwalea mbu hao, akijua hatari yao kuliko mwingine yeyote, kumwacha mmoja anyonye damu hadi ashibe si jambo jepesi kuliita bahati mbaya.

Nyumba mbili na mkataba mmoja

Reed alirejea Cuba akaona kwamba ushahidi uliopo hautoshi. Novemba 20, 1900 alifungua kambi maalumu ya majaribio, akaipa jina la Lazear. Hapo zilijengwa nyumba mbili ndogo za mbao.

Katika nyumba ya kwanza, isiyokuwa na mbu hata mmoja, Dk. Robert Cooke na askari wawili walilala usiku 20 juu ya mashuka na nguo zilizochafuliwa kwa matapishi na uchafu wa wagonjwa. Makundi mengine mawili yalifuata baada yao. Hakuna aliyeugua.

Nyumba ya pili ilikuwa safi kabisa, lakini iligawanywa katikati kwa wavu wa waya. Upande mmoja walifunguliwa mbu 15 walionyonya damu ya wagonjwa. Desemba 21, John Moran aliingia upande huo, akajilaza na kung'atwa. Siku ya Krismasi akashikwa na homa. Wenzake waliokuwa upande wa pili wa wavu, wakivuta hewa ileile, walibaki wazima.

Kwa jaribio hilo rahisi, imani ya miaka mingi kuhusu nguo na mashuka ilianguka. Kilichotenganisha uzima na ugonjwa kilikuwa wavu tu.

Nyaraka za Virginia zina karatasi nyingine inayosomwa sana na wanafunzi wa udaktari hadi leo. Ni mkataba wa Novemba 26, 1900 kati ya Reed na mhamiaji wa Kihispania, Antonio Benigno, ulioandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Mkataba huo unaeleza kwamba anayejitolea anaelewa kuwa anahatarisha maisha yake kwa kiasi fulani, na kwamba atalipwa dola 100 za dhahabu, na nyingine 100 iwapo ataugua.

Kwa wakati ule lilikuwa jambo geni kwa mtafiti kuandikiana mkataba na mtu anayefanyiwa majaribio, na wengi huutaja kuwa miongoni mwa mikataba ya mwanzo kabisa ya ridhaa ya maandishi katika utafiti wa tiba.

Hata hivyo, msomaji makini hawezi kuacha kujiuliza maswali. Mkataba unadai kuwa mtu aliyeko kisiwani hawezi kabisa kuepuka kuambukizwa, jambo ambalo halikuwa kweli kwa kila mtu. Tena, dola 200 kwa mhamiaji asiye na kitu ni kishawishi kikubwa. Je, ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa kamili? Swali hilo bado linaulizwa popote utafiti wa tiba unapofanyika miongoni mwa maskini, Afrika ikiwamo.

Katika Kambi ya Lazear hakuna aliyekufa. Lakini mwaka 1901, katika majaribio mengine mjini Havana, walikufa watu watatu, akiwamo muuguzi wa Kimarekani Clara Maass, aliyekuwa na umri wa miaka 25. Vifo hivyo viliyakomesha majaribio hayo.

Aliyezikusanya

Barua hizi hazikujikusanya zenyewe. Aliyezitafuta ni Dk. Philip Hench, bingwa wa maradhi ya viungo wa Kliniki ya Mayo, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi iliyohusu kotizoni. Tangu miaka ya 1930 aliwaandikia waliokuwa hai, wakiwamo Moran na John Kissinger, askari aliyejitolea miongoni mwa wa kwanza, na familia za waliokufa, akiomba kumbukumbu na karatasi zao.

Hench aligundua kwamba kumbukumbu za wazee hazilingani. Wawili walioshuhudia tukio moja walilieleza kwa namna mbili. Hata mahali ilipokuwa Kambi ya Lazear palikuwa pamesahaulika, naye akapatafuta hadi akaipata nyumba ya kwanza ikiwa bado imesimama. Mwaka 1952 Serikali ya Cuba ilizindua eneo hilo kuwa kumbukumbu ya taifa. Hench alifariki mwaka 1965, na mkusanyo wake ukakabidhiwa na mjane wake kwa Chuo Kikuu cha Virginia, alikosomea Reed.

Karatasi hizo pia zinasaidia kupima mvutano wa muda mrefu: sifa ni ya nani? Marekani ilimtukuza Reed, aliyefariki Novemba 1902. Cuba ilisisitiza kwamba mwenye wazo ni Finlay. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Finlay alimtambua mbu, Carter akapima muda, Lazear akaunganisha mambo hayo mawili, na Reed akaandaa ushahidi usioweza kupingwa.

Faida ilionekana mara. Meja William Gorgas aliwaandama mbu nyumba kwa nyumba jijini Havana, akifunika mapipa ya maji na kumwaga mafuta kwenye madimbwi. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1901 homa ya manjano ilikuwa imetoweka katika jiji hilo.

Kisa kilichofika kwetu

Mlango uliofunguliwa Havana uliendelea hadi Afrika. Mwaka 1927 virusi vya ugonjwa huu vilipatikana katika damu ya mwanamume wa Ghana ya leo aliyeitwa Asibi. Katika mwaka huo na uliofuata, watafiti Adrian Stokes, Hideyo Noguchi na William Young walikufa kwa ugonjwa huohuo waliokuwa wakiuchunguza Afrika Magharibi. Kutokana na virusi vya Asibi, Max Theiler alitengeneza mwaka 1937 chanjo iitwayo 17D, inayotumika hadi sasa.

Afrika Mashariki nayo ina nafasi yake. Mwaka 1936 Taasisi ya Rockefeller ilianzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano mjini Entebbe, Uganda, ambacho leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake, wakiwa katika kazi hiyo ya kufuatilia homa ya manjano, ndio waliogundua virusi vya Zika mwaka 1947 kutoka kwa nyani aliyewekwa katika msitu wa jina hilo.

Wala ugonjwa haujawa hadithi ya kale. Mwaka 2016 ulilipuka Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na chanjo zikapungua kiasi kwamba jijini Kinshasa watu walipewa sehemu ya tano tu ya dozi ya kawaida. Mwaka 2022 uliripotiwa katika Kaunti ya Isiolo, nchini Kenya. Hadi sasa hakuna dawa inayoua virusi vyake. Kinga imebaki ileile: chanjo, ambayo sindano moja hutosha kwa maisha yote, na kuwaangamiza mbu.

Msafiri anayeonyesha kadi yake ya chanjo uwanja wa ndege huenda akaiona kuwa usumbufu. Lakini nyuma ya karatasi hiyo ndogo zipo karatasi nyingine: swali aliloandika Reed upande wa nyuma wa barua, sahihi ya mhamiaji maskini, na chati ya daktari kijana ambaye hakuwahi kumwona mwanawe.

Kama mjane mmoja au askari mmoja mstaafu angezichoma akidhani ni takataka, tungebaki na ripoti tu. Tungejua kwamba mbu ndiye mwenezaji, lakini tusingejua ni nani waliolipa ili tulijue hilo.