Pikapu ya Miraa na Subaru: Nani Mshindi wa Haki?

Mabishano haya hayakuanza leo. Mtu akitaka kusikia kelele katika bweni lolote hapa Maua, na aulize tu: kati ya pikapu ya miraa na Subaru, ipi ni kali zaidi? Papo hapo bweni hugawanyika pande mbili. Wa upande huu watakuapia kwamba hakuna gari linaloweza kuiacha Hilux inayowahi soko la Nairobi, ikipita Kianjai kama mshale. Wa upande ule watacheka na kusema, "Wacheni mchezo, nyinyi! Hiyo Subaru ina turbo." Kelele huendelea hadi mwalimu wa zamu atokee mlangoni.

Mimi siku hizi sijibu swali hilo. Ninauliza langu: hao wawili mkiwapeleka uwanjani siku moja, mtawapima kwa kipimo gani? Maana wakishindana hivi hivi tu, jibu linajulikana kabla bendera haijashushwa. Na shindano ambalo jibu lake linajulikana mapema, aliyeshindwa harudi mara ya pili.

Hapo ndipo penye taabu ya klabu zote za wapenda magari. Wanachama wake si madereva wa kulipwa. Ni mwalimu, ni fundi wa jua kali, ni mwenye duka la vyakula, na gari analoshindana nalo Jumapili ndilo litakalompeleka kazini Jumatatu. Uwanja hufungwa, magari huingia moja moja, kila dereva akashindana na saa. Hilo ni jambo jema, kwa sababu mwendo wa kasi hauna mahali pengine pa halali. Lakini mwenye kagari kadogo akishindwa mara tatu na mtu ambaye sifa yake kubwa ni kwamba ana pesa, ataacha kuja. Hamu ya kasi hataiacha. Ataichukua airudishe barabarani, kwenye kona zetu za Nyambene, wanakopita watoto wa shule na akina mama wenye mizigo. Kwa hivyo haki ninayoizungumzia hapa si ya vikombe tu.

Watu walianza kuumiza vichwa juu ya jambo hili zamani, tena hapa hapa kwetu. Safari Rally ya kwanza ilifanywa mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi tarehe 1 Juni, ikaitwa Coronation Safari kwa kuwa Elizabeth wa Pili wa Uingereza alikuwa karibu kutawazwa. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Walioitunga waligawanya magari katika madaraja kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Gari la bei ya chini lilishindana na la bei ya chini, la ghali na la ghali. Tena mwaka huo hakukutangazwa mshindi mmoja wa wote. Kila daraja lilikuwa na wake.

Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara sana kwa wakati wake. Mtu aliingia na gari kama lilivyotoka dukani, na bei ikasema mengi juu ya uwezo wake. Leo kipimo hicho hakitufai, kwa sababu wengi wetu hununua magari yaliyokwisha tumika ng'ambo. Bei ya gari hushuka kadiri miaka inavyopita, lakini nguvu zake hazishuki kwa kiasi hicho. Na si jambo geni. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha tumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Gari la mtumba! Angepangwa kwa bei angekaa na nani?

Njia iliyoenea zaidi ni ya kupanga kwa ujazo wa injini. Hapo shida ni turbo. Turbo ni kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ili ichome petroli nyingi zaidi, kwa hiyo injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Wakuu wa mashindano ya dunia walilitatua jambo hili kwa hesabu: ujazo wa injini yenye turbo huzidishwa kwa 1.7. Subaru ya sentimita 2,000 yenye turbo huhesabiwa kama ya 3,400. Haiwezi tena kujificha miongoni mwa magari ya 2,000 yasiyo na turbo.

Faida ya madaraja ilionekana mwaka 1993. Mwaka huo timu ya Toyota ilizoa nafasi nne za kwanza katika Safari, Juha Kankkunen wa Finland akiwa mbele kwa Celica. Lakini Mkenya Patrick Njiru alikuwa na Subaru Vivio, kagari ambako injini yake haikufika hata sentimita 700. Ukiizidisha kwa 1.7 bado haifiki 1,200. Njiru alifika mwisho na akashinda daraja lake, ilhali Colin McRae, aliyekuwa na Vivio kama hiyo, hakumaliza. Bila madaraja, Njiru angekuwa mtu aliyeachwa nyuma tu. Kwa madaraja alikuwa mshindi, na hakuna aliyesema amependelewa.

Sasa nifikie jambo ambalo wengi hawalifikirii. Hesabu ile ya 1.7 haikutungwa kwa watu wa milimani. Wanafunzi wa Fizikia wanajua kwamba kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, nasi huku milimani hatuko mbali na hapo. Kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua karibu sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo tu, basi nayo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho. Gari la nguvu za farasi 100 pale Likoni, likifika huku lina kama 80 hivi. Lakini turbo huisukuma hewa, kwa hiyo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Maana yake ni kwamba pengo kati ya Subaru yenye turbo na gari la kawaida ni kubwa zaidi huku kwetu kuliko pwani, hata kama magari ni yale yale na madereva ni wale wale! Klabu ya mlimani ikinakili kanuni za Ulaya neno kwa neno itakuwa imewaonea wasio na turbo bila kujua. Ingekuwa juu yangu, ningewatenganisha kabisa: wenye turbo kwao, wasio na turbo kwao. Autokrosi ya hapa Kenya imekuwa ikifuata njia hiyo, ikitenganisha pia magari yanayosukumwa na magurudumu mawili na yale ya magurudumu manne.

Kuna wanaopima kilo kwa kila nguvu ya farasi. Gari la kilo 900 lenye nguvu 90 hubeba kilo 10 kwa kila nguvu moja. Lile la kilo 1,400 lenye nguvu 280 hubeba kilo 5 tu. Mtu haoni haja ya kuuliza lipi litachomoka kwanza. Kipimo hiki ni kizuri kwenye karatasi, ila kinahitaji mizani na mashine ya kupimia injini, na klabu ngapi zinazo? Dereva akiulizwa nguvu za gari lake atataja zilizoandikwa kitabuni, asiseme kwamba fundi alilichokoachokoa wiki jana.

Matairi nayo yana siri yao. Tairi laini hushika ardhi kama kidole cha mjusi, nalo huisha upesi. Mwenye uwezo hubadilisha kila shindano, na mwenye shida huja na yale ya miaka mitatu. Kanuni moja fupi inatosha: tairi ni la barabarani, lile lile la kuanzia asubuhi hadi jioni.

Katika nchi nyingine klabu ndogo zimetumia werevu wa aina nyingine. Marekani kuna mashindano ambamo kila dereva hutangaza mapema muda ambao gari lake litatumia, na mshindi ni yule anayekaribia muda wake zaidi bila kuupunguza. Akiwa mwepesi kuliko alivyotangaza, ameshindwa, kwani alidanganya. Huko huko kuna mbio za magari mabovu ambamo gari halipaswi kuzidi bei fulani ndogo, na waandalizi wana haki ya kulinunua kwa bei hiyo hiyo. Ukitumia mamilioni kisirisiri kulitengeneza, utaliona likienda hivi hivi. Dawa hiyo ilinichekesha sana nilipoisoma, lakini ni dawa.

Huku kwetu kuna Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kwa ajili ya kuchangisha pesa za kujenga ua wa kuhifadhi Aberdare, ua wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika mwaka 2009. Kazi ya ua kama huo imefanywa kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya pia. Katika Rhino Charge kasi haihesabiwi. Magari hupewa saa 10 kufikia vituo 13 porini pasipo na barabara, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wote. Ukizunguka mlima unaongeza kilomita, ukiupanda unaweza kukwama. Injini kubwa peke yake haikuokoi, inakubidi utumie akili. Tena makundi huanzia vituo mbalimbali, hivyo si wote wanaofuatana kwenye vumbi moja.

Vumbi lenyewe si jambo la kupuuzwa, sisi tunaoishi penye udongo mwekundu tunajua. Kwenye uwanja wa murram, wa kwanza asubuhi hukuta unyevu wa usiku na changarawe nyingi zinazoteleza. Wa kumi hukuta njia imefagiliwa. Wa arobaini hukuta mashimo. Na mvua ya ghafla ya Nyambene ikija saa nane, waliomaliza saa saba na nusu wamepata bahati ya bure. Mwaka 1968 magari 93 yalianza Safari, matope yakayala, yakafika 7 tu. Hatuwezi kuizuia mvua, lakini tunaweza kuigawa. Kila mmoja akimbie mara nne, mara mbili kwa mpangilio wa kuanzia mbele na mara mbili kwa kuanzia nyuma, kisha zihesabiwe mbili zilizo bora.

Lililobaki ni waamuzi, na hapa ndipo klabu nyingi huvunjika. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Ukimwacha mwenye Subaru aandike kanuni, usishangae turbo ikisahauliwa. Kanuni ziandikwe na mtu ambaye hashindani, zisomwe kabla magari hayajawashwa, na zisiguswe mpaka jioni. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiendesha Datsun, walimaliza Safari wakiwa na alama sawa za adhabu. Fikiria, maelfu ya kilomita na bado sare! Lakini kanuni ya kuamua sare ilikuwako tangu mwanzo: anashinda yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mehta akapewa kombe. Kama kanuni hiyo ingetungwa baada ya magari kufika, nani angeikubali?

Basi turudi kwa pikapu yetu na Subaru. Kwa kuwa haziwezi kukaa daraja moja, tuchukue ile njia ya kutangaza muda, ila muda usitangazwe na dereva mwenyewe, kwani atajipunja kwa makusudi ili baadaye aonekane mkali. Kila mmoja azunguke mara tatu za majaribio mbele ya mshika saa, na muda wake mzuri kuliko yote uandikwe ubaoni kila mtu auone. Tuseme pikapu imeandikiwa sekunde 72, Subaru 61. Katika shindano lenyewe anayepunguza muda wake kwa zaidi ya sekunde moja anaondolewa, kwa kuwa alijificha kwenye majaribio.

Pikapu inaingia, inamaliza kwa 72.4. Subaru inaingia kwa mbwembwe, inateleza kona ya mwisho, inamaliza kwa 62.1. Subaru imekuwa mbele kwa zaidi ya sekunde 10, na imeshindwa, kwa maana imejikosa kwa 1.1 na pikapu kwa 0.4 tu. Wa upande wa Subaru wakitaka kukata rufaa, wailete kwa maandishi kabla ya nusu saa kwisha, si kwa kelele bwenini.