Matango ya Mchuzi Wakati wa Kiangazi

Mkoani Tabora mvua huanza Novemba na huisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Wakati wa mvua kila nyumba ina mboga. Kuna majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda na uyoga wa porini. Lakini ikifika Agosti, Septemba na Oktoba, jua ni kali na bustani nyingi zimekauka. Watu hula ugali kwa mboga kavu, siku baada ya siku. Mboga kavu ni chakula kizuri. Hata hivyo mtoto huichoka. Hula matonge mawili, kisha huondoka.

Tango linaweza kusaidia wakati huo. Sisemi tango la kachumbari. Nasema tango la kupika.

Mama mmoja katika kata ninayofanyia kazi alicheka nilipomwambia hivyo. "Bwana shamba," alisema, "tango ni maji. Nani anapika maji?"

"Mama, hata nyanya ni maji," nilimjibu, "na kila siku unaipika."

Lakini mama yule alisema kweli. Katika kilo moja ya tango, karibu gramu 950 ni maji. Tango peke yake halimpi mtu nguvu. Kazi yake ni kuongeza mchuzi, ili karanga na majani kidogo viwatoshe watu wengi.

Tango si mgeni hapa. Wazee walipanda matango ya kienyeji katikati ya mahindi na mtama. Tango refu la kijani linalouzwa sokoni ni aina nyingine. Asili yake ni India.

Bustani za kiangazi nazo si jambo jipya Tabora. Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Walibeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi mingi. Wazungu Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857. Walikuta wafanyabiashara Waarabu wana nyumba, visima na bustani. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara miezi kadhaa akingoja wapagazi, mpaka alipoondoka Agosti. Msafara uliosimama hapa ulihitaji chakula kila siku, kiangazi na masika. Tusisahau kwamba kazi nyingi za mashamba yale zilifanywa na watumwa. Leo maji unayoteka na jembe unaloshika ni kwa ajili ya watoto wako mwenyewe.

KUPANDA

Mashina kumi yanatosha nyumba moja. Chagua mahali karibu na jiko au karibu na kisima, penye jua. Usipande mahali palipokuwa na tumbaku au nyanya mwaka uliopita. Udongo wetu wa kichanga una minyoo midogo sana, haionekani kwa macho. Minyoo hiyo huingia katika mizizi ya tumbaku na kuifanya iwe na vinundu. Huipenda mizizi ya tango vilevile. Mahali palipolimwa karanga ni afadhali.

Chimba mashimo, nafasi ya sentimita 60 kati ya shimo na shimo. Kama una mistari miwili, iache mita moja katikati. Changanya udongo wa kila shimo na samadi iliyooza vizuri, makopo mawili ya kilo moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mbegu tatu, kina cha sentimita mbili. Zikiota, acha shina moja lenye afya. Panda mwishoni mwa Julai, baridi ya usiku inapopungua. Utaanza kuchuma baada ya siku 50 hadi 60.

Sasa maji. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mashina kumi yanahitaji debe moja la lita 20, yaani lita mbili kila shina, kila baada ya siku moja. Yakianza kuzaa mwezi wa Septemba, mwagilia kila siku. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Majani yakilowa mara kwa mara hupata ukungu. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu usitoroke.

Kuna njia nyingine ya kupunguza kazi ya kuteka maji. Chukua chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Kifukie mpaka shingoni, katikati ya mashina matatu au manne. Kijaze maji. Maji yatapenya polepole ukutani mwa chungu na kufika kwenye mizizi. Kifunike kwa kigae, mbu wasizaliane humo.

Mimea ikianza kutambaa, simika miti na uifunge kamba ili ipande juu. Utaona maua ya njano ya aina mbili. Ua jike lina kitango kidogo nyuma yake. Ua dume halina. Nyuki ndio wanaobeba unga wa ua dume na kuupeleka kwenye ua jike. Sisi wa Tabora tunawajua nyuki kwa asali, lakini bila wao matango mengi hunyauka au huwa yamepinda.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu kubwa zaidi, usipulize dawa ya tumbaku kwenye matango. Najua wengine hufanya hivyo, kwa kuwa dawa imebaki ndani ya nyumba. Tumbaku hailiwi. Tango huchumwa leo na huliwa leo. Nzi wa matunda akitoboa matango, chuma yote yaliyotobolewa. Yafukie chini sana, zaidi ya nusu mita, au yafunge katika mfuko wa plastiki uuache juani siku kadhaa. Ukiyatupa kando ya bustani, funza watageuka nzi na kurudi.

TANGO CHUNGU

Kabla ya kupika, kata kipande kidogo cha kila tango uguse kwa ulimi. Likiwa chungu sana, tema, na ulitupe lote. Uchungu huo ni sumu. Huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha. Kuchemsha hakuiondoi. Wengine hukata kichwa cha tango na kukisugua mpaka povu litoke. Usitegemee povu hilo. Tango moja chungu huharibu chungu kizima cha mchuzi. Mtu akila na kuanza kutapika, mpe maji ya kunywa na umpeleke zahanati.

Mmea uliokosa maji huzaa matango machungu zaidi.

KUPIKA

Chukua matango matatu ya kiasi, kitunguu kimoja, nyanya mbili, kikombe cha karanga zilizotwangwa, fungu la majani ya kunde yaliyooshwa, na chumvi. Karanga zenye ukungu usitumie kabisa, zina sumukuvu. Kaanga kitunguu na nyanya. Koroga karanga kwa maji, mimina chunguni, chemsha kwa moto mdogo dakika 15 huku unakoroga. Tia majani, kisha matango yaliyomenywa na kukatwa. Dakika nane zinatosha. Tango lililokuwa kubwa na kuanza kuwa la njano hufaa pia, ila ondoa mbegu.

Kama bustani humwagiliwa kwa maji ya kisima kisichofunikwa, kupika ni salama kuliko kula mabichi. Kipindupindu hupita katika maji kama hayo.

Chuma kila baada ya siku mbili. Ukiyaacha yakomae mtini, mmea huacha kuzaa. Acha tango moja tu kwa mbegu, la shina ambalo matango yake hayakuwa machungu. Mbegu za chotara usiziweke, kwa maana hazitoi mazao kama ya mwanzo. Aina ya Ashley hufaa kwa kuweka mbegu. Tango likiwa la njano kabisa, toa mbegu, ziloweke siku mbili, zioshe, zianike kivulini. Zitie katika chupa kavu na uzibe.