Mali, Hatari au Urithi? Mnyama katika Sheria za Uganda na Uzoefu wa Jinja na Mbale

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi sheria za Uganda zinavyomgawa mnyama katika mafungu matatu: hatari ya kudhibitiwa, mali ya mtu, na urithi wa taifa. Kwa kutumia mifano ya Jinja na Mbale, yanaonyesha kwamba uzito wa adhabu, fedha na wajibu wa taasisi hufuata fungu alimowekwa mnyama, wala si ukubwa wa madhara anayoyapata au anayoyaleta. Makala yanapendekeza marekebisho ya sheria ya mwaka 1957, matumizi bora ya sheria ndogo za majiji, na taratibu za fidia zinazoeleweka kwa lugha za wananchi, Kiswahili kikiwemo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Julai 2020, Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji. Jinja iko pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Mbale iko chini ya mwamba wa Wanale, upande wa magharibi wa Mlima Elgon. Barabara inayopita Iganga na Tirinyi huyaunganisha majiji haya. Jinja hukaa na mamba na viboko wa ziwa na mto. Mbale hukaa na mlima ambao sehemu yake ya juu ni hifadhi ya taifa. Yote mawili yana mbwa wa mitaani, mifugo inayosafirishwa na machinjio.

Mjadala wa sera kuhusu wanyama nchini Uganda mara nyingi huanza na kuishia katika hifadhi kubwa za magharibi, penye sokwe na tembo. Mashariki huja nyuma. Hata hivyo, ni mashariki ambako mipaka ya sheria inaonekana wazi zaidi, kwa sababu huko mnyama na binadamu hukutana nje ya hifadhi, katika ufuko, shamba na mtaa. Hoja ya msingi ya makala haya ni kwamba Uganda haina upungufu wa sheria za wanyama. Upungufu uko katika viungo baina ya sheria hizo, na anayeanguka katika nafasi iliyoachwa ni mwananchi pamoja na mnyama mwenyewe.

2.0 Mafungu matatu

Fungu la kwanza ndilo kongwe zaidi. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ilianza mwaka 1918, ile ya wanyama wanaozurura ikafuata miaka ya 1920, na ile ya kichaa cha mbwa ni ya miaka ya 1930. Sheria hizi za kikoloni zilimtazama mnyama kama njia ya kupitisha maradhi au chanzo cha uharibifu. Zana zake ni karantini, kukamata na kuua.

Fungu la pili linamhusu mnyama aliye mikononi mwa mtu. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya mwaka 1957 inakataza, miongoni mwa mengine, kumpiga mnyama kikatili, kumtesa na kumtwisha mzigo unaomzidi. Kama ilivyosomeka katika mkusanyo wa sheria wa mwaka 2000, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miezi mitatu, faini isiyozidi shilingi 1,000, au vyote viwili.

Fungu la tatu ni urithi. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka Serikali kulinda maliasili, wanyama na mimea wakiwemo, kwa niaba ya wananchi. Mwaka 1996 Idara ya Wanyamapori na shirika la Hifadhi za Taifa viliunganishwa kuwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Kisha Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ikaongeza adhabu kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini kutoweka hadi kifungo cha maisha, faini ya shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Hayakuwa maneno ya karatasini tu: Oktoba 2022, mahakama maalumu ya wanyamapori mjini Kampala ilimhukumu kifungo cha maisha mtu aliyekutwa na pembe za ndovu.

Tofauti baina ya miezi mitatu na maisha inaweza kutetewa. Ujangili wa kimataifa hufuta spishi nzima, na taifa likipoteza tembo haliwezi kuwarudisha kwa urahisi. Lakini tofauti hiyo inafundisha pia kwamba sheria inampa mnyama thamani kulingana na mwenye mali. Ng'ombe aliyefungwa pembe na miguu ndani ya lori, akasafirishwa usiku kucha bila maji, anapata maumivu yasiyo madogo kuliko ya mnyama wa porini. Sheria inayomlinda haijapata marekebisho makubwa tangu kabla ya uhuru.

3.0 Jinja: mamba, kiboko na mipaka ya fidia

Viboko wamekuwa sehemu ya maisha ya Jinja kiasi kwamba kanuni moja mashuhuri ya uwanja wa gofu wa mji huo ilimruhusu mchezaji kuutoa mpira ulioingia katika alama ya unyayo wa kiboko. Kisa hicho huwafurahisha watalii. Kwa mvuvi anayetoka na mtumbwi alfajiri, kiboko si kisa cha kufurahisha, na mamba hata zaidi.

Mwaka 2005, katika kijiji cha Luganga kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, wilayani Mayuge, mamba mkubwa ambaye wanakijiji walimpa jina la Osama alinaswa kwa msaada wa maofisa wa wanyamapori. Vyombo vya habari vilimhesabia vifo vya watu zaidi ya 80 katika muda wa miaka kadhaa. Hakuuawa, alihamishiwa katika shamba la kufugia mamba. Kwa mtazamo wa sheria, mnyama huyo alipita katika mafungu yote matatu: alikuwa urithi wa taifa, akatambuliwa kuwa hatari, akaishia kuwa rasilimali ya biashara. Sheria iliyotumika wakati huo haikuweka mfuko wa kuzifidia familia za waliouawa.

Sheria ya mwaka 2019 ilijaribu kuliziba pengo hilo. Inatambua haki ya kudai fidia kwa kifo, jeraha au uharibifu wa mali uliosababishwa na mnyama aliyetajwa katika jedwali lake, ikiwa tukio limetokea nje ya eneo la hifadhi. Mfuko wa fidia unachangiwa asilimia 2 ya mapato ya Mamlaka, na kanuni za utekelezaji zilitolewa mwaka 2022. Dai huanzia katika Kamati ya Wanyamapori ya Jamii.

Hatua hii ni kubwa, ila muundo wake unaonekana kufikiriwa hasa kwa ajili ya jamii zinazopakana na hifadhi. Vivyo hivyo, mgawo wa asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi huenda kwa serikali za mitaa zinazozizunguka. Ufuko wa Busoga hauna hifadhi ya taifa inayouletea mgawo huo, ingawa una mamba. Kwa maneno mengine, fedha hufuata lango la watalii, ilhali hatari hufuata maji.

4.0 Mbale: mlima, mahakama na ngozi ya mbega

Mlima Elgon ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993, baada ya kuwa hifadhi ya misitu kwa miongo mingi. Waliokuwa wakilima na kuchunga humo walijikuta wavamizi. Oktoba 2005 Mahakama Kuu, iliyokaa Mbale, ilitoa hukumu ya maafikiano baina ya jamii ya Wabenet na Serikali. Hukumu hiyo iliwatambua Wabenet kuwa wenyeji wa asili wa maeneo waliyodai, na ikaelekeza waruhusiwe kuishi na kulima humo. Mgogoro haukuisha, kwa kuwa hukumu ilihitaji kufuatwa na mabadiliko rasmi ya mipaka.

Kuna mfano mwingine, mdogo kwa sura lakini wenye mafunzo. Kila mwaka wenye namba shufwa, Wamasaaba hufungua msimu wa imbalu, yaani tohara ya vijana, katika uwanja wa Mutoto, Mbale. Miongoni mwa mavazi ya sherehe hiyo ni kofia za ngozi ya mbega. Kwa sheria ya wanyamapori, ngozi hiyo ni mazao ya mnyamapori, na kuimiliki kunahitaji kibali. Kwa kijana anayevikwa, ni alama ya utu uzima aliyoirithi kwa wazee wake.

Kumkamata kijana huyo kungekuwa kosa la sera. Kufumba macho huku mbega wakiendelea kuuawa kungekuwa kosa jingine. Njia ya kati ipo. Tangu miaka ya 1990, Mamlaka na baadhi ya vijiji vinavyoizunguka hifadhi wamekuwa na makubaliano yanayoruhusu wananchi kuvuna vitu kama machipukizi ya mianzi, chakula mashuhuri cha Bugisu, kwa masharti maalumu. Mantiki hiyohiyo inaweza kutumika kuziorodhesha ngozi za zamani, kuzihifadhi kwa koo au taasisi ya utamaduni, na kuzuia mpya kuingia.

5.0 Mbwa, mwenyeji asiye na idara

Katika majiji yote mawili, mnyama anayeweza kumuua mtoto kwa urahisi zaidi si mamba wala chui, bali mbwa asiyechanjwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua, ingawa kinazuilika kwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kupata chanjo mapema.

Zana ya zamani ya sheria ni kuwaua mbwa wanaozurura. Ushahidi wa kisayansi hauiungi mkono. Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kwa kuwa kuua hakukati mnyororo wa maambukizi: wanaouawa huzibwa nafasi upesi, na miongoni mwao huwamo waliokwisha kuchanjwa. Mfano ulio karibu ni Pemba, ambako kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010 zilikomesha ugonjwa huo. Uliporudi mwaka 2016, chanjo iliyorejewa iliukomesha tena. Hapa ustawi wa mnyama na usalama wa binadamu havishindani. Ni kazi moja yenye bajeti mbili zisizozungumza, ya afya na ya mifugo.

6.0 Lugha ya sheria

Sheria zote zilizotajwa zimeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitambuliwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia hatua za kukieneza. Askari na polisi wanakifahamu. Madereva na wafanyabiashara wa mifugo hukitumia kuelekea Malaba na Busia. Lakini haki ya fidia isiyojulikana kwa anayestahili ni sawa na haki isiyokuwapo. Fomu ya dai na tangazo la chanjo vikiandikwa kwa Kiswahili, Lusoga na Lumasaaba, gharama yake ni ndogo na faida yake itaonekana mapema.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, Bunge liifumue sheria ya mwaka 1957, litazame upya adhabu zake, na liweke viwango vya usafirishaji na uchinjaji. Pili, mabaraza ya majiji ya Jinja na Mbale yatumie mamlaka yao chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 kutunga sheria za kusajili na kuchanja mbwa, badala ya kutegemea sumu na risasi. Tatu, utaratibu wa fidia ufike katika fuko zisizopakana na hifadhi. Nne, nyaraka za madai zitolewe kwa lugha za wananchi.

Kugawa wanyama katika mafungu si kosa. Kila sheria huainisha. Kosa ni kuacha nafasi wazi kati ya fungu na fungu, kisha kushangaa tunapoona ni nani ameangukia humo. Jinja na Mbale zinaonyesha mahali penye nafasi hizo. Majiji machanga yanayoendelea kujitungia taratibu zake yana fursa ya kuziziba kabla mazoea hayajawa magumu kubadilika.