Kichwa cha mtoto hupimwa kwa futikamba, si kwa macho

Eastlands, kuanzia Kaloleni mpaka Kayole, mtoto mchanga hakosi majaji. Mama akitoka naye nje ya ploti kuota jua la asubuhi, jirani wa kwanza atasema amefanana na babake, wa pili atauliza kama ananyonya vizuri, na shosho aliyekuja kutoka ocha kusaidia kulea atatoa hukumu ya kichwa: “Babu yake alikuwa na kichwa hicho hicho, Mama Njeri. Wacha wasiwasi, mwili utakifikia.”

Mara nyingi shosho huwa amesema kweli. Zipo familia zenye vichwa vikubwa, na watoto wao hukua salama bila kumwona daktari yeyote. Shida ni kwamba maneno hayo hayo ndiyo anayoambiwa mama ambaye mtoto wake ana maji yanayojikusanya kwenye ubongo, na miezi miwili ya kungoja mwili ukifikie kichwa ni miezi miwili ya ubongo kubanwa.

Madaktari huuita ugonjwa huu haidrosefalasi. Mtaani ni kichwa kikubwa, au maji kichwani. Maji yenyewe si ugonjwa, kila mtu anayo. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vidogo ambamo hutengenezwa, na mtu mzima hutoa takriban nusu lita kwa siku. Hata hivyo ukimpima saa yoyote utakuta ana mililita 150 hivi tu, kwa sababu maji hayo huteremka kutoka chumba hadi chumba, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hunyonywa yakarudi kwenye damu. Njia ikizibika, au sehemu za kunyonya zikiharibika, utengenezaji hausimami hata siku moja. Vyumba hutanuka, na ubongo husukumwa kwenye fuvu.

Hapo ndipo umri unapoamua dalili zitakavyokuwa. Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mifupa ambavyo bado havijaungana, na katikati yake, mbele, pana ule utosi laini unaodunda, ambao kwa watoto wengi hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Maji yakizidi, vipande hivyo huachana na kichwa hukua. Kwa kuwa shinikizo limepata pa kupumulia, mtoto huweza kunyonya, kucheka na kulala kama wenzake kwa wiki kadhaa. Mama husubiri mtoto aumwe ndipo ashtuke, naye mtoto haonekani mgonjwa.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ni kasi ya kichwa kukua, na kasi haionekani kwa macho ya mtu anayemwona mtoto kila siku. Inaonekana kwa futikamba, ile ya plastiki anayojivingirisha shingoni fundi wa nguo. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa sentimita 33 hadi 37. Miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka takriban sentimita 2 kila mwezi. Miezi mitatu inayofuata huwa sentimita 1 kwa mwezi, kisha nusu sentimita mpaka afikishe mwaka. Ratiba ya chanjo ya Kenya inamrudisha mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani karibu kila mwezi katika kipindi kile kile ambacho kichwa hukimbia zaidi. Ukipima siku hizo tatu na kuandika, una mstari wa kufuatilia.

Kupima kwenyewe hakuhitaji diploma, kunahitaji utulivu. Futikamba ipite juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale kisogo kilipochomoza zaidi. Ikaze kiasi cha kulaza nywele, bila kumfinya. Kama amesukwa au amevaa boshori, vua na fungua kwanza. Pima mara tatu na uandike namba kubwa kuliko zote, pamoja na tarehe. Kliniki zetu zina foleni, na katika foleni mizani ndiyo hupewa heshima. Ukitaka kichwa nacho kipimwe, mwambie muuguzi: “Sista, naomba unipimie na kichwa, kisha unionyeshe kwenye chati.” Mtoto mwenye kichwa kikubwa cha ukoo hufuata mstari wake, sambamba na mistari mingine ya chati. Mwenye maji hupanda akiikata mistari, kutoka mmoja kwenda mwingine. Daktari makini hata atachukua futikamba ampime baba aliyekaa pale kando, na hilo lisimkasirishe mzee.

Zipo dalili nyingine ambazo mama huzigundua akimvisha nguo kabla hata hajafikiria futikamba. Fulana aliyoipata Gikomba inaingia mabegani vizuri lakini inakwama kichwani. Boshori ya mwezi jana haishuki masikioni. Mishipa ya damu ya paji la uso na pembeni inachomoza, na ngozi ya kichwa inakuwa nyororo, inang'aa. Utosi nao unajaa na kukakamaa. Usiuangalie wakati analia, kwa sababu mtoto yeyote akilia utosi huvimba. Mkalishe wima ukimshikilia, atulie, kisha pitisha kidole. Utosi wa kawaida huwa sawa na fuvu au umezama kidogo tu, na ukiugusa unabonyea.

Halafu macho. Shinikizo likiwa kubwa, mboni hushuka na kuzama nusu kwenye kope la chini, na weupe wa jicho ukatokeza juu ya mboni. Mtoto huonekana kama anayetazama miguu yake mwenyewe, na ukimwita hawezi kuinua macho. Kufikia hapo pengine pia anatapika, anasumbuka akibebwa, analala kupita kiasi, anapata degedege, au haiwezi shingo yake wakati wenzake wameshaikaza. Huyo hasubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe siku hiyo hiyo.

Kipimo cha kwanza si lazima kiwe ghali. Maadamu utosi uko wazi, ultrasaundi ya aina ile ile wanayopimwa wajawazito hupitishwa juu yake na kuonyesha vyumba vya ubongo vilivyotanuka, bila mionzi na bila kumlaza mtoto usingizi. Eastlands ina hospitali za Mama Lucy Kibaki na Pumwani kama milango ya kuanzia. Upasuaji wenyewe hufanywa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au kule Kijabe kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako shirika la BethanyKids limekuwa likiwapasua watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi. Kabla ya safari hakikisheni mtoto amesajiliwa kwenye bima ya afya ya SHA kama mtegemezi wa mzazi, na barua ya rufaa iko mkononi. Nimeona muda mwingi ukipotelea kwenye makaratasi hayo kuliko barabarani.

Mbona watoto wetu? Jibu bora zaidi la ukanda huu limetoka ng'ambo ya mpaka, Mbale, mashariki mwa Uganda. Katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Mmarekani Benjamin Warf na wenzake walichunguza mamia ya watoto, na mwaka 2005 wakachapisha kwamba karibu 60 kwa 100 walikuwa wameupata ugonjwa baada ya maambukizi, wengi wao katika wiki za kwanza za maisha. Maana yake, wengi walizaliwa na vichwa vya kawaida. Walipata homa kali, wakaacha kunyonya, pengine wakapata degedege, wakatibiwa au wakapona wenyewe, na mwezi mmoja au miwili baadaye kichwa kikaanza kukua kwa sababu maambukizi yaliacha makovu kwenye njia za maji. Mwaka 2020 watafiti wakamtaja bakteria mmoja waliyemkuta katika maji ya ubongo ya watoto wa Uganda, Paenibacillus, ambaye vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa vikimkosa.

Lipo jambo la kushika hapa kwa mama wa Dandora au Mathare. Homa ya mtoto ambaye hajafikisha mwezi haipelekwi kwa chemist. Haitibiwi kwa sharubati ya homa. Ni hospitali, siku hiyo. Na aliyewahi kulazwa kwa maambukizi ya damu au uti wa mgongo akiwa mchanga apimwe kichwa kila mwezi kwa miezi kadhaa hata kama anaonekana mzima kama kigongo.

Kundi jingine ni watoto wa mgongo wazi, ambao wengi wao hupata pia maji kichwani. Kasoro hiyo hutokea siku 28 za kwanza za mimba, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku kabla ya kushika mimba, hupunguza sana hatari hiyo. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti uongezwe virutubisho, asidi ya foliki ikiwemo. Lakini tazama foleni ya posho mill yoyote ya Kayole saa kumi na moja jioni, ndoo na mifuko mpaka barabarani. Unga ule ni mtamu na ni nafuu, ila hauna kilichoongezwa. Anayeutumia na anapanga kuzaa avifuate vidonge kliniki mapema.

Tiba ni upasuaji, maana hakuna dawa ya kunywa inayoyamaliza maji haya. Njia ya kawaida ni shanti, mrija mwembamba unaoanzia ndani ya ubongo, ukapita chini ya ngozi nyuma ya sikio na shingoni, hadi tumboni ambako maji hunyonywa. Ya pili, iliyopata umaarufu Mbale, ni kutoboa njia mpya ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba na kuchoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji, bila kuacha kifaa mwilini. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto 100 wa Uganda yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja akili za makundi hayo mawili hazikutofautiana. Daktari ataamua kulingana na umri na chanzo.

Shanti huziba. Hili wazazi waambiwe mapema, na si Afrika peke yake. Mwandishi Roald Dahl, aliyefanyia kazi kampuni ya Shell Dar es Salaam na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza hapa Nairobi mwaka 1939, alikuwa na mtoto wa miezi minne ambaye kigari chake kiligongwa na teksi New York mwaka 1960. Ajali hiyo ilimletea maji kichwani, na mrija aliowekewa uliziba tena na tena. Dahl akamtafuta fundi wa injini ndogo za ndege za kuchezea, Stanley Wade, na daktari wa upasuaji Kenneth Till, wakabuni vali mpya. Ilipokuwa tayari, mwanawe hakuihitaji tena, lakini iliwafaa maelfu ya watoto wengine.

Kwa hiyo mtoto mwenye shanti akitapika bila kuhara, akilalamika kichwa, akisinzia mchana kinyume na kawaida yake, au ngozi ikiwa nyekundu mahali mrija unapopita, usiseme amekula kitu kibaya shuleni. Mrudishe waliko madaktari wa upasuaji wa ubongo, mara moja.

Mtoto mkubwa ambaye fuvu limeshafunga hana nafasi ya kutanuka, kwa hiyo kichwa chake kitabaki kilivyo na maumivu ndiyo yatakayosema. Huuma zaidi alfajiri, baada ya kulala usiku kucha, na akishatapika anapata nafuu. Anaona vitu viwiliviwili, jicho moja linaanza kuvutwa ndani, mwandiko unaharibika, anayumba akitembea. Nairobi hupewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, ugonjwa unaobebeshwa lawama za nusu ya magonjwa ya jiji hili. Chanzo chaweza kuwa uvimbe wa ubongo, au kifua kikuu kilichopanda kwenye utando wa ubongo. Hicho cha mwisho huenda polepole: homa, kukonda na uchovu wa wiki kadhaa kabla ya usingizi mzito. Kama nyumbani kuna anayekohoa au aliyekuwa kwenye dawa za TB, mwambie daktari bila kuulizwa.

Wazee nao hawajaachwa. Mwaka 1965 daktari wa Kolombia, Salomón Hakim, na wenzake walieleza aina inayowapata watu wa makamo na wazee, ambayo shinikizo lake likipimwa halionekani kuwa juu. Katika nyumba za zamani za Jericho, Bahati na Jerusalem wapo wastaafu wanaotembea kwa hatua fupi, miguu mbali mbali, kama nyayo zimegandishwa sakafuni. Baadaye mkojo hauwangoji wafike chooni, na fikra zinakuwa nzito. Watu husema ni uzee. Daktari anaweza kutoa mililita 30 hadi 50 za maji kupitia mgongoni, akampima mzee anavyotembea kabla na baada, na akipata nafuu, shanti huenda ikamfaa. Mwana anayemsindikiza baba kliniki aseme yote matatu, miguu, mkojo na usahaulifu, kwa sababu mzee mwenyewe akiulizwa atataja miguu tu.