Hesabu ya Mangi na Hesabu ya Mchujo

Saa moja jioni, kwenye duka lolote la mtaani Kiwalani Bombom, Dar es Salaam, mteja anataka mayai saba ya mia nne mia nne na anatoa noti ya elfu kumi. Mangi, yaani mwenye duka, hashiki kalamu. Anatamka elfu mbili mia nane, kisha anarudisha chenji kwa kupanda: mia mbili tumefika elfu tatu, elfu mbili tumefika tano, na noti ya elfu tano inamalizia kumi. Ni 7,200, na mteja wa nyuma ameshaanza kuagiza sukari. Sasa mkalishe kijana huyo huyo kwenye chumba cha mtihani umpe swali hili: mfanyabiashara ameuza bidhaa saba za bei sawa, amepokea shilingi 10,000 na kurudisha 7,200, bei ya bidhaa nne ni asilimia ngapi ya fedha aliyopokea? Mayai ni yale yale na noti ni ile ile, ila wengi watamaliza dakika nzima wakitafuta kanuni. Jibu ni 16. Mitihani ya hesabu na mantiki ya kuombea kazi hupima, kwa sehemu kubwa, zoea la kulitambua swali likiwa limevaa nguo ngeni. Zoea hilo hujengwa, na namna wengi wanavyojiandaa haiwajengei.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwenye idadi. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita vijana kwenye usaili pale Uwanja wa Taifa, Temeke, unaoitwa sasa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Walifika zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70, wakajaa majukwaani kama siku ya mechi ya watani wa jadi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596, na walioitwa kwenye mtihani wa kuandika mwezi Machi walikuwa 112,952. Kwa ualimu, waombaji walikuwa 201,707 na nafasi 14,648. Ukigawanya, kiti kimoja cha Uhamiaji kiligombewa na watu zaidi ya 140, cha Mapato na watu 85, cha ualimu na watu 14 hivi. Hakuna jopo linaloweza kuwasikiliza watu laki moja mmoja mmoja. Ndiyo maana kuna usaili wa mchujo, na kwenye umati wa namna hiyo swali moja ulilolikosa kwa haraka linaweza kukushusha nafasi elfu kadhaa.

Maelezo mepesi ni kwamba fulani ana kichwa cha hesabu na fulani hana. Matokeo ya shule yanaonekana kuunga mkono, maana kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2023 waliofaulu Hisabati walikuwa asilimia 25.42, robo ya watahiniwa. Lakini ni vigumu kuamini kwamba robo tatu hawana kichwa katika mji ambao vikoba vinagawana riba bila mhasibu, na ambao neno lenyewe hesabu, kwa dereva wa bodaboda, ni pesa anayompelekea bosi kila jioni. Asiyeijua hesabu hiyo hamalizi mwezi na pikipiki ya watu.

Tofauti hii ya hesabu za mtaani na za darasani ilipimwa Brazili. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti wa watoto wachuuzi wa mjini Recife. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja cruzeiro 35. Mwalimu angeongeza sifuri na kumaliza. Yeye alianza na nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine zikawa 210, akafika 315, akamalizia na moja, 350. Pale sokoni watoto walipatia asilimia 98 ya maswali. Hesabu hizo hizo zilipoandikwa kama maswali ya maelezo, walipatia asilimia 74. Zilipoandikwa kwa namba tupu, 37. Watoto walikuwa watano tu, kwa hiyo asilimia hizo zisibebeshwe mzigo mkubwa mno. Hata hivyo pengo kati ya 98 na 37, kwa mtoto yule yule, haliwezi kuelezwa kwa kusema ana akili au hana.

Kwetu pengo hilo lina ukuta wa ziada, nao ni lugha. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha hesabu kwa Kiswahili, sekondari inageuka Kiingereza, na msailiwa mwenye shahada kwa kawaida hukutana na swali la Kiingereza, refu, lenye neno dogo moja linalobadilisha kila kitu. Anapokosa, anajihukumu kwamba hesabu zimemshinda, kumbe ameshindwa kusoma. Hata wakubwa wa fani ya vipimo vya akili walilijua jambo hilo kwa kuchelewa. Mmarekani Carl Brigham alitumia mitihani ya jeshi la nchi yake ya Vita Kuu ya Kwanza kuandika kitabu mwaka 1923, akidai wahamiaji wa mataifa fulani wana akili pungufu. Mwaka 1930 alizikana hoja zake mwenyewe, akikubali kwamba vipimo hivyo haviwezi kuwalinganisha watu waliokulia katika lugha mbalimbali.

Basi mtu afanye mazoezi. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye aina ya mazoezi. Mtindo wa sasa ni madesa: mafaili ya maswali ya usaili uliopita yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine yakiuzwa. Mtu anafungua faili, anasoma swali, anasoma jibu lililo chini yake, anatikisa kichwa kukubali, anateremka. Kabla ya kulala amemaliza maswali 200 na moyo umetulia. Utulivu huo unadanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Kundi moja likaisoma kwa vipindi vinne, jingine likaisoma kwa kipindi kimoja kisha likajipima mara tatu bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki wakakumbuka asilimia 40, na waliojipima 61. Anayemeza madesa usiku wa kuamkia usaili ni yule wa dakika tano, isipokuwa mtihani wa mchujo hauulizi maneno yale yale aliyoyameza.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni kupanga mazoezi kwa mafungu: leo asilimia, kesho mwendo, keshokutwa matangi. Chukua simtanki la mpangaji wa Kiwalani. Pampu moja inalijaza kwa saa tatu, nyingine kwa saa sita. Zikifunguliwa pamoja itachukua muda gani? Kwa saa moja pampu ya kwanza inajaza theluthi, ya pili sudusi, jumla nusu, kwa hiyo saa mbili. Ukishafanya maswali kumi ya matangi mfululizo, la kumi na moja hulisomi tena. Mkono unaokota namba mbili na kuzitia kwenye kanuni ileile. Umejifunza kukokotoa, hukujifunza kuchagua. Halafu kwenye mtihani linakuja la daladala: imekwenda Kariakoo kwa kilomita 20 kwa saa, imerudi kwa njia ile ile kwa kilomita 30 kwa saa, wastani wa mwendo ni ngapi? Mkono unajumlisha, unagawa kwa mbili, unaandika 25. Tuseme njia ni kilomita 10: kwenda ni dakika 30, kurudi 20, kilomita 20 kwa dakika 50. Wastani ni 24, kwa sababu gari lilitumia muda mrefu zaidi likiwa kwenye mwendo wa polepole.

Doug Rohrer na Kelli Taylor walilipima hilo mwaka 2007 kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa maswali kwa mafungu walipatia asilimia 89, na waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye mambo yakapinduka: waliochanganyiwa 63, wenzao 20. Anayefanya mazoezi sahihi, kwa maneno mengine, huondoka mezani akijiona mbumbumbu, na hiyo ndiyo sababu wengi huyaacha.

Kwenye mantiki, adui ni mazungumzo yetu ya kila siku. Kila dereva wa daladala ana leseni. Asha ana leseni. Je, Asha ni dereva wa daladala? Barazani tungesema ndiyo, kwa kuwa barazani hakuna anayetaja leseni bila sababu. Mtihani unataka jibu kwamba haijulikani, maana leseni anaweza kuwa nayo hata mwenye gari la nyumbani. Neno baadhi nalo ni mtego. Ukimwambia jirani kwamba baadhi ya wapangaji wamelipa umeme, ataelewa kuna wasiolipa. Kwenye mantiki, baadhi haikatazi kwamba wote wamelipa. Hapa hapahitaji kipaji, panahitaji kujua kwamba umehamia kwenye mazungumzo yenye sheria nyingine.

Wapo watakaosema yote haya ni kujichosha, kazi ni koneksheni. Malalamiko hayo yana mizizi na si kazi ya makala kuyang'oa. Lakini mtu hawezi kukaa jioni akifanya mazoezi ya kuwa na mjomba mkubwa. Anachoweza kukishika ni karatasi. Wengine wanahoji kama mtihani wa aina hii unamtambua mfanyakazi bora, na walimu wasio na ajira walipoupinga usaili hadharani mwaka 2025 walikuwa na swali la haki, kwa kuwa kumvutia mtoto wa darasa la pili hakupimwi kwa karatasi. Hoja hiyo iendelee kusukumwa kwa watunga sera. Msailiwa wa mwezi ujao hatoisubiri.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la hesabu tupu: wote wakifanya mazoezi, nafasi za Mapato zinabaki 1,596. Ni kweli. Uchambuzi wa John Hausknecht na wenzake wa 2007, uliokusanya tafiti 50, ulionyesha kwamba kurudia vipimo vya akili hupandisha alama kwa wastani wa takriban robo ya kizio cha mtawanyiko. Kwa lugha ya mtaani, aliyekuwa katikati kabisa, akiwapita 50 kati ya 100, sasa anawapita 60. Kwenye umati wa 112,952 hatua hiyo ni kuwaruka watu zaidi ya 11,000, na asiyejiandaa ndiye anayerukwa. Ajira haziongezeki kwa hilo hata moja.

Kwa anayeanza leo, gharama ni ndogo: daftari la jero, saa ya simu na wenzake wawili wa kutungiana maswali ya aina tofauti bila kuambizana aina. Swali lijibiwe kwanza, ndipo jibu lifunuliwe. Lililokosewa liandikwe pamoja na sababu yake, kama ni kukokotoa, kusoma au kuchagua njia, lirudiwe baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukurasa wa kwanza unaweza kuanza na lile la daladala lililojibiwa 25, pembeni yake pameandikwa: sikuangalia muda.