Dhamana ya Nyongeza kwa Vifaa vya Umeme: Je, Inastahili Fedha Yako?

Mlaji anapokwisha kupatana bei ya televisheni au jokofu, na fedha ikiwa tayari mkononi, muuzaji humletea jambo jipya: aongeze kiasi fulani ili dhamana ya mwaka mmoja iwe ya miaka mitatu. Jibu hutakiwa papo hapo. Mnunuzi amekwisha kuzunguka maduka kutafuta bei nafuu ya kifaa, lakini kwa hili la pili hana cha kulinganisha, na kiasi kinachotajwa kinaonekana kidogo kikiwekwa kando ya bei ya kifaa chenyewe. Makala haya yanaeleza ni kitu gani hasa kinachouzwa katika dakika hizo, na namna ya kukipima kabla ya kukilipia.

Maneno yenyewe huchanganya. Mitaani tunasema waranti, garantii au dhamana, na kwa neno hilo moja tunataja mambo matatu yasiyofanana: haki ambayo sheria imempa kila mnunuzi, ahadi ambayo mtengenezaji huitoa pamoja na kifaa bila malipo ya ziada, na mkataba unaouzwa kando kwa bei yake. Huu wa tatu ndio tunaouita hapa dhamana ya nyongeza. Asiyeyajua mawili ya kwanza huweza kulipia katika la tatu kitu ambacho tayari ni chake.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa na mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaokubalika katika biashara. Aidha, kama mnunuzi amemweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya kwa bidhaa hiyo, naye ameutegemea ujuzi wa muuzaji katika kuichagua, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamkataza mfanyabiashara kutoa taarifa za uongo au za kupotosha, zikiwemo zinazohusu dhamana na haki za mnunuzi. Kwa hiyo televisheni iliyogoma kuwaka siku ya tatu tangu inunuliwe ni mali yenye kasoro mbele ya sheria, iwe ilinunuliwa na dhamana ya nyongeza au bila hiyo. Lile bango linaloning'inia juu ya kaunta likisema bidhaa ikishauzwa hairudishwi linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi. Halimwondolei haki mtu aliyeuziwa kifaa kibovu.

Haki hii ina mipaka yake, na ni vema kuisema wazi. Kasoro ambayo mnunuzi angeiona kwa kukikagua kifaa dukani, naye alikikagua, ni vigumu kuilalamikia baadaye. Na anayekaa na kifaa kibovu kwa muda mrefu bila kumjulisha muuzaji huweza kuhesabiwa kwamba amekipokea kama kilivyo. Isitoshe, sheria haimwahidi mtu kwamba jokofu halitachakaa. Likiharibika mwaka wa tatu baada ya kazi ya kila siku, muuzaji anaweza kujibu kwa haki kwamba lilikuwa zima alipolitoa. Hapo ndipo dhamana ya nyongeza inapopata nafasi ya kuwa na maana.

Sasa ahadi ya mtengenezaji. Kwa vifaa vingi vya nyumbani huwa ni ya mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye risiti, ingawa baadhi ya kampuni hutoa miwili. Sehemu moja ya ahadi hii huwapotosha watu wengi: kibandiko kilichobandikwa mlangoni mwa jokofu chenye maandishi makubwa ya miaka 10. Kisome tena ukiwa umeinama. Mara nyingi miaka hiyo ni ya kompresa peke yake, yaani ile mota iliyo nyuma inayosukuma gesi. Bodi ya umeme, feni, kidhibiti joto na gesi yenyewe vimebaki na mwaka wao mmoja, na hata kompresa ikibadilishwa bure, mnunuzi huweza kudaiwa ufundi, gesi mpya na usafiri. Hali ni hiyo hiyo kwa betri ya simu au ya kompyuta, ambayo huhesabiwa kuwa kitu cha kuchakaa na hupewa muda mfupi kuliko kifaa kinachoibeba.

Hesabu ya miaka nayo inahitaji macho. Mkataba unaoitwa wa miaka mitatu mara nyingi hujumuisha ule mwaka wa kwanza ambao mtengenezaji tayari ameutoa bure. Unacholipia ni miaka miwili. Gawanya bei kwa miwili, si kwa mitatu, ndipo utakapoijua gharama halisi ya mwaka.

Ikumbukwe pia kwamba vifaa vya umeme haviharibiki kwa mpangilio sawa katika maisha yake yote. Vilivyotoka kiwandani na kasoro huionyesha mapema, aghalabu katika wiki na miezi ya mwanzo. Vilivyobaki hutulia kwa miaka kadhaa, kisha huanza kusumbua tena uzee unapoviingia. Dhamana ya mtengenezaji hulinda kipindi cha mwanzo. Dhamana ya nyongeza, ikianza mwaka wa pili na kuishia wa tatu, hukalia kipindi kile cha utulivu, na humalizika kabla uzee haujaanza. Muuzaji analijua hilo, na ndiyo maana biashara hii humpa faida.

Tuchukue mfano, kwa bei tulizojitungia ili hesabu ieleweke. Televisheni imeuzwa shilingi 900,000, na dhamana ya nyongeza ya miaka miwili ni shilingi 135,000. Ikiharibika bodi ya umeme, na matengenezo yakawa shilingi 120,000, mnunuzi aliyelipia dhamana amepata hasara hata kama kifaa chake kimeharibika kweli. Ikiharibika kioo chenyewe, na kipya kikawa shilingi 600,000, dhamana imemwokoa. Lakini ili bei ya shilingi 135,000 iwe ya haki kwa hesabu ya kioo peke yake, ingebidi zaidi ya televisheni moja katika kila tano za aina hiyo ife kioo ndani ya miaka hiyo miwili, na ife kwa kasoro ya ndani. Kioo kilichopasuliwa na mpira wa mtoto hakimo katika mikataba mingi.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo ushauri wa nchi tajiri hauligusi. Kwao ufundi ni ghali, na mara nyingi kifaa kibovu hutupwa. Kwetu, fundi wa mtaani huifungua bodi, huitafuta sehemu iliyoungua, huibadilisha hiyo peke yake kwa risasi na pasi ya kuchomelea, na kifaa huwaka. Ufundi huu wa bei nafuu ni aina ya dhamana ambayo tayari tunaishi nayo, na unashusha thamani ya ile inayouzwa dukani. Tahadhari ni moja: mikataba mingi, ya mtengenezaji na ya nyongeza, hufutika pale kifaa kinapofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, na kile kibandiko kidogo juu ya skrubu kipo ili kumfichua. Dhamana ikiwa bado hai, usimpe fundi wako kifaa kabla ya kujaribu njia ya dhamana.

Kisha kuna umeme wenyewe. Wengi wetu tumeona jokofu au televisheni ikizimika siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Hiyo ndiyo ajali tunayoiogopa zaidi, nayo ndiyo ambayo mikataba mingi huitaja waziwazi kuwa haihusiki: madhara ya umeme kupanda na kushuka, radi, maji na wadudu. Mtu anayelipia dhamana kwa ajili ya hofu hiyo, bila kusoma ukurasa wa pili, amenunua mwavuli wenye tundu palepale mvua inapopita. Fedha hiyo hiyo, au sehemu yake, hununua kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani kinachokata umeme unapozidi au kupungua kupita kiasi, na kuchelewesha kuurudisha kwa dakika chache ili kompresa ipumzike. Kwa nyumba nyingi huo ndio ununuzi wa busara zaidi.

Je, hakuna anayefaidika na dhamana ya nyongeza? Wapo. Dhamana ni jamaa ya bima: wengi hulipa kidogo ili wachache wasianguke, na kwa wastani mlipaji hutoa zaidi ya anachopata, kwa kuwa ndani ya bei kuna gharama za uendeshaji, kamisheni ya muuzaji na faida. Inafaa basi pale ambapo uharibifu mmoja ungeiyumbisha kaya. Kifaa ambacho vipuri vyake hutoka kwa mtengenezaji tu, na kipuri kimoja hukaribia nusu ya bei ya kifaa kizima, kinaweza kustahili. Kompyuta mpakato ambayo mtu anaitumia kujipatia kipato inaweza kustahili, mradi kituo cha huduma kiko karibu. Simu ya kawaida, pasi, birika la umeme na redio havistahili kabisa. Weka kiasi ulichotajiwa kwenye kibubu au akaunti ya simu, na kama kifaa hakikuharibika fedha imebaki yako.

Wanaostahili kusikitikiwa ni wale wanaoihitaji dhamana kuliko wote. Mama anayeuza juisi na barafu, au anayehifadhi samaki kwenye friza nyumbani kwake, hupoteza mengi friza likizimika kwa siku mbili: hupoteza mzigo, wateja na mtaji wa wiki ijayo. Kwake dhamana inaonekana kama jibu kamili. Lakini mikataba ya vifaa vya nyumbani mara nyingi ina kifungu kinachosema kwamba kifaa kikitumika kwa biashara dhamana inafutika, na kingine kinachosema kwamba hasara ya vitu vilivyoharibika ndani ya jokofu hailipwi. Anaweza kulipa kwa miaka miwili kitu ambacho hakikuwa chake hata siku moja. Ukiwa katika hali hiyo, mweleze muuzaji tangu mwanzo kazi ya friza, na mtake aandike kwenye mkataba, kwa kalamu na mhuri, kwamba matumizi hayo yanakubalika. Asipokubali kuandika, umepata jibu lako. Kumweleza kazi hiyo hakutapotea bure, kwa kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kama tulivyoona, inalipa uzito neno ulilomwambia muuzaji kabla ya kununua.

Uliza pia ni nani anayeahidi. Jina lililo chini ya mkataba laweza kuwa la mtengenezaji, la duka au la kampuni ya tatu. Duka likifungwa, ahadi yake hufungwa nalo. Mkataba unaofidia wizi au kuanguka kwa simu una sura ya bima, na bima hutolewa na kampuni iliyosajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Kifaa kilicholetwa kutoka Dubai au Guangzhou kwa njia ya mfanyabiashara binafsi kinaweza kuwa halisi, na bado mwakilishi wa mtengenezaji hapa nchini asikitambue kwa kuwa dhamana yake ni ya soko jingine. Kwa simu, bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na ulinganishe jibu na simu unayoishika. Simu bandia zilizimwa mitandaoni nchini mwezi Juni 2016, na karatasi ya dhamana ya simu bandia haina thamani yoyote. Na kama unaishi Songea au Kibondo, uliza ni nani atakayelipa kulisafirisha jokofu hadi kituo cha huduma kilichoko Dar es Salaam.

Nchini Uingereza, Tume ya Ushindani ya huko iliichunguza biashara hii na kutoa ripoti mwaka 2003, ikaona kwamba ushindani haufanyi kazi yake, hasa kwa sababu uamuzi hufanyika kwenye kaunta. Amri iliyotolewa mwaka 2005 ikayataka maduka kuonyesha bei ya dhamana pamoja na bei ya kifaa, na kumpa mnunuzi siku 45 za kuuvunja mkataba. Sehemu ya nafasi hiyo unaweza kujipatia mwenyewe. Omba mkataba na bei yake kwa maandishi, uende navyo nyumbani, na uulize kama unaweza kuinunua dhamana baadaye, ile ya mtengenezaji ikiwa bado hai. Muuzaji anayesema ni leo tu anakwambia jambo fulani kuhusu anachokiuza.

Mwandishi wa makala haya alinunua kompyuta mpakato kwa mshahara wake wa kwanza, na akalipia nyongeza ya mwaka mmoja bila kusoma. Mwezi wa kumi na nne ilikataa kuchaji. Alipoitoa risiti kwenye bahasha alikuta karatasi nyeupe: risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto, na wino wake hufifia. Ujumbe wa malipo ya simu ulikuwepo, ila fedha ilikuwa imekwenda kwenye namba ya mtu binafsi, si ya duka, na duka likasema halimjui. Kwa hiyo: toa nakala ya risiti au ipige picha siku ile ile, ikionyesha tarehe na namba tambulishi ya kifaa, na lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara. Kifaa kikiharibika, kipeleke pamoja na barua fupi, na usiondoke bila karatasi ya mapokezi yenye tarehe, tatizo ulilolieleza na hali ya kifaa kilipopokelewa. Nakala ya barua hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, endapo muuzaji atakaa kimya.